Marehemu Aliyecheka Mlali

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Morogoro salama, marahaba. Babu yako mzima, ila jogoo wake anatusumbua.

Unauliza ufanye nini waigizaji wakiacha maneno uliyoandika. Televisheni za watu binafsi zilipoanza, niliongoza mchezo wangu wa kwanza. Nilipewa mkanda mmoja na onyo: ukiharibika, nirudi kufundisha. Kule Mlali tukarekodi msiba. Mzee Kobelo, aliyeigiza marehemu, alilala chini ya shuka, wanawake wakalia kama nilivyoandika. Mama Tekla, mtani wake wa siku nyingi, akapita na tenga la kabichi. Akaamini msiba ni wa kweli, akaingia.

"Kobelo, umekufa leo makusudi, usije kunilimia kesho! Amka, mvivu we!"

Shuka likaanza kutikisika. Marehemu akacheka.

"Nilijua!" akasema Mama Tekla. "Hata kufa kumemshinda!"

Mkanda ukaisha, nikalia machozi ya kweli. Tuliurusha hivyohivyo. Watu walinisimamisha mtaani Msamvu kunisimulia msiba ule. Maneno yangu hakuna aliyeyakumbuka.

Wiki iliyofuata Mama Tekla alitukuta tukipanga kamera. Akatua tenga, akauliza, "Haya, mwanangu, leo anakufa nani?"

Nikampisha apite mbele ya kamera.

Bibi yako