Kufuli la Jumapili

Majimbo, Embu
Jumapili alasiri

Kwa Baba yangu,

Pokea salamu za binti yako Mukiri. Huku Embu baridi ya Julai imetushukia, tunalala na sweta, lakini mwili ni mzima na namshukuru Mungu. Kifua chako kinaendeleaje baada ya zile dawa ulizoandikiwa hospitalini Maua? Na goti la Mama, linamruhusu kufika kanisani? Mdogo wangu Kaberia aliniambia kwa simu kwamba umechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa, na kwamba watu wa Muthara walisimama wakakupigia makofi.

Utashangaa kwa nini naandika barua na simu zipo. Kwenye simu ungenikatiza, au mimi ningelia, na yote mawili siyataki.

Unakumbuka nilikuambia chuo kimetuletea warsha ya uanahabari. Anayetufundisha ni Madam Alice, mama aliyefanya kazi magazetini hadi akaota mvi. Si mtu wa maneno matamu. Siku ya kwanza alisoma habari zetu kwa sauti, na kila alipokuta tumeandika "inasemekana" alisimama na kutuuliza ni nani aliyesema. Gichovi, kijana wa Kianjokoma ninayekaa naye meza moja, aliulizwa mpaka akatokwa na jasho. Tulijifunza kuuliza swali fupi kisha kunyamaza, kurekodi kwa ruhusa, na kutomtegemea shahidi mmoja hata awe analia. Niliipenda kazi hii, Baba. Kwa mara ya kwanza tangu nije chuoni nilijua ninachotaka kufanya maishani.

Kisha akatutuma nje. Alisema magazeti humwandika mtu siku anapoanguka, halafu humwacha palepale chini. Basi tutafute mtu wa pande hizi aliyewahi kuandikwa zamani, tumuulize yaliyofuata. Gichovi akakumbuka kisa alichosimuliwa na mama yake, cha bweni la shule moja ya wasichana lililoungua Jumapili mchana, kabla sisi hatujazaliwa. Msichana mmoja alifia ndani. Mlango ulikuwa na kufuli, na mlinzi ndiye aliyefungwa jela kwa kukaa na ufunguo.

Tulimpata kule chini Mbeere. Anaitwa Mbaka, ana kishamba cha ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna. Alitukaribisha kando ya jiko lake, mkewe akatupa uji. Mimi nilijitambulisha kwa jina moja tu, kama tunavyoitana darasani. Nikauliza swali langu fupi, nikanyamaza.

Alieleza kwa sauti ya chini, pole pole. Alisema wasichana walizoea kukwepa ibada na kujificha bwenini, hivyo naibu wa mwalimu mkuu akaamua kulifunga yeye mwenyewe kila Jumapili na kutembea na ufunguo. Siku hiyo hakuangalia ndani. Msichana aitwaye Kagure alikuwa amelala na homa kwenye kitanda cha mwisho. Naibu akafunga, akaingia katika gari la rafiki yake, wakaenda mjini. Nyaya za umeme zikashika moto ibada ikiendelea. Mbaka alipiga mlango kwa shoka mpaka mpini ukavunjika, akakimbilia madirishani kung'ang'ana na vyuma vya moto kwa mikono mitupu. Alituonyesha mikono hiyo. Ngozi imejikunja hadi viwikoni.

"Alikuwa ananiita," alituambia. "Ananiita soja, soja, kwa sababu jina langu hakulijua."

Kortini naibu aliapa kwa Biblia kwamba ufunguo alimwachia mlinzi. Kati ya mwalimu na soja, nani angesadikiwa? Mama yake Mbaka alizikwa yeye akiwa jela. Alipotoka, watu sokoni walimnyooshea kidole kwamba ndiye aliyemchoma mtoto wa wenyewe. Binti yake alikuwa amechumbiwa. Wakwe walipojua baba yake ni nani, hawakurudi tena.

Gichovi ndiye aliyeuliza naibu huyo aliitwa nani.

Mzee alitaja jina lako, Baba. Salesio Riungu, Mmeru wa Muthara.

Nilijua uliwahi kufundisha Embu ukiwa kijana. Hukupenda kupataja, nami sikuona sababu ya kuuliza. Gichovi, anayelijua jina langu kamili, alinitazama, kisha akainamia simu yake. Mbaka, bila kujua, akatuuliza kama tumesikia iwapo mwalimu huyo Mungu alimjalia watoto. Nikamwambia ndiyo, alimjalia, na mmoja ni mimi. Akamwambia mkewe aniongeze uji.

Nilijiambia mzee anadanganya. Nikaenda Kianjokoma peke yangu kumtafuta Njoki, mwenye duka la mitumba, ambaye alikuwa kiranja wa bweni lile. Njia nzima nilikuwa naomba akanushe. Hakukanusha. Alikuona ukifunga, ukatia ufunguo katika mfuko wa koti. Alisema wasichana walitaka kuwaeleza polisi, lakini waliambiwa na mwalimu mkuu kwamba atakayefungua mdomo hatafanya mtihani.

Nilimweleza Madam Alice yote. Hakunibembeleza. Alisema habari hii si yangu tena, maana mtoto hawezi kuandika habari ya baba yake, akamkabidhi Gichovi. Na kwa kuwa hakuna anayetajwa kwa ubaya bila kupewa nafasi ya kujibu, Gichovi atakupigia simu wiki hii. Nilimsihi Madam aniruhusu nitangulie kukuandikia. Alikubali kwa shida, kwa sharti kwamba nisikufundishe la kusema. Sikufundishi.

Kinachoniuma si kwamba hukuangalia ndani. Mtu yeyote anaweza kufunga mlango akidhani hamna mtu. Kinachoniuma ni kwamba ulisimama kortini ukamtazama mtu aliyefungwa bandeji mikono yote miwili, ukaapa. Kisha ukahamishwa, ukapandishwa cheo, ukanizaa, ukanifundisha kusali. Nimejaribu kukuchukia nikashindwa, na hilo pia linanikasirisha.

Gichovi aliniambia kwamba nikimwomba aache, ataacha. Ni rafiki wa kweli. Sikumwomba.

Mama sijamwambia neno. Hiyo ni kazi yako, na uifanye kabla hajasoma gazetini au kusikia kwa wanawake wenzake kanisani. Kaberia usimfiche; ni mkubwa wa kutosha, na shuleni watamuuliza.

Likizo hii sitakuja nyumbani. Nisalimie Mama, umwambie alitunze goti lake na asibebe maji. Msalimie Kaberia, ashike masomo. Nawe pia nakutakia afya, kwa sababu ya mambo yaliyo mbele yako.

Gichovi akipiga, pokea. Mwambie ulichofanya, si ulichoapa.

Ni mimi binti yako,
Mukiri