Picha Yenye Mwanya

Mjukuu wangu Ambakisye,

Ndaga, asante kwa barua yako. Huku Makwale tumeamka salama, mpunga umeanza kuchanua, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini nilibaki getini siku ile uliponipeleka makumbusho. Nilisingizia miguu, lakini ilikuwa aibu.

Nilipokuwa mkamwana mpya, sisi akina mama wa kanisa tulitembezwa makumbusho ya mjini. Desturi yetu unaijua: mke hamtazami baba mkwe wala hataji jina lake. Mimi nikisikia kikohozi chake njiani nilijificha migombani, hata sura yake sikuijua.

Basi ukutani kulikuwa na picha ya zamani ya kijana mwenye mwanya, anacheka. Nikamtazama weee, nikasema, "Jamani, kaka mzuri huyu!" Wenzangu hawakujua kusoma, wakaniambia, "Hebu tusomee, ni nani?" Nikasoma kwa sauti jina lote, na kijiji chetu.

Wenzangu wakashika vinywa: nimemtaja baba mkwe! Nilijifunika khanga usoni mpaka tukafika nyumbani.

Tangu hapo, kila nikijificha migombani, sikumwogopa tena. Niliona aibu tu kwamba mzee ninayemkimbia namjua, na kwamba alikuwa kijana mcheshi. Jina lake hata leo siliandiki.

Nawe una mwanya uleule. Ukicheka, huwa natazama chini. Usidhani nimenuna, mjukuu wangu.

Bibi yako