Ikiganda Juu

Greyville,
Durban.
9 Septemba 2012

Mpendwa Kaka Gustave,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Mama Ernestina na watoto hawajambo? Ile miguu yako iliyokuwa ikivimba kwa baridi ya Kanada imepona? Mimi mwili mzima, bado nasuka nywele za watu hapa mjini. Moyo ndio umevunjika.

Siku tuliyomzika mdogo wetu Blaise nilikuambia kwa simu kwamba theluji ilimuua mlimani. Kilio kilinizidi, sikuweza kuendelea. Leo nakueleza yote.

Unajua alivyopenda kila jambo jipya. Theluji ilipoanguka mwezi wa nane, watu wa Durban walikimbilia milimani Drakensberg kana kwamba inagawiwa bure. Blaise akafunga duka lake la simu, akaenda na rafiki yake Papy. Nilimtania, nikamwambia atuletee hata ndoo moja.

Huko juu walikuta mteremko ambao upepo ulikuwa umelundika theluji. Papy alisita. Alinisimulia akilia: "Eish, dada, alipigapiga na kiatu, akasema, 'Iko ngumu juu, tupite. Kaka alinifundishaka.' Akatangulia."

Kaka, unakumbuka. Volkano ilipolipuka Goma, ulimshika mkono ukamvusha juu ya lava iliyokuwa bado inafuka moshi. Ulimwambia: ikiganda juu, pita, usisimame. Mkapona. Tangu siku hiyo neno lako kwake lilikuwa Biblia. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Blaise wetu alilisikia.

Theluji si lava. Waokoaji walinieleza kwamba juu inaweza kuwa ngumu na chini imelegea kama unga wa muhogo. Ukikanyaga, mteremko mzima unakatika na kushuka nawe. Papy alisikia mlio mzito, akaona ufa umepasua theluji juu ya aliposimama Blaise, kisha yote ikamshukia. Waokoaji walipomfukua alikuwa ameshatutoka.

Sikulaumu, kaka. Ungemwacha Goma siku ile, moto ungemla. Miaka yote tuliyocheka naye ni wewe uliyetupa. Ningeweza kukuficha haya mpaka kaburini. Lakini Mama amenipigia toka Goma, anasema wenzako wa kazini watakupeleka kutembea kwenye milima ya theluji. Na wewe, nakujua, utapigapiga na kiatu.

Nakusihi, uliza wenyeji kabla ya kutoka. Palipolundikwa theluji na upepo, zunguka. Ukisikia mlio chini ya miguu, rudi, wala usione haya mbele ya Wazungu. Afadhali ulie kwa barua hii kuliko nikuzike na wewe. Safari hii nisikie mimi, ingawa ni mdogo wako.

Nisalimie Mama Ernestina, umbusu Gloriose mdogo. Papy anakusalimu, bado hajaweza kurudi kazini. Mungu aliyekuvusha juu ya moto akuzuie mbele ya theluji.

Dada yako akupendaye, ndugu pekee uliyebakiwa naye,

Laurette