Bendera ya Akram

Jumapili, 2 Juni 2024

Miaka sita Kisumu, na leo nimerudi kwenye meza ya Akram ya mchezo wa vita, mtaani Kamwokya. Kisanduku kwapani — askari wangu wa Ulaya ya kale, mikuki, deraya, farasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Zamani jeshi hili tuliliongoza wawili tu, mimi na Akram.

Kuna mtu kwenye kiti changu! Okullo, mwalimu wa hesabu. Akram anamwita "jenelari". Jina langu hilo! Na askari wake wana mboni za macho. Mboni! Wangu wana madoa tu. Nilisifu. Moyoni nilitaka kuwatafuna.

Jumanne, 4 Juni

Akram katuma sauti WhatsApp. Jumapili tunapigana na kundi la Kabalagala, jeshi linataka bendera. Mimi nichore, Okullo achore. Bendera itakayokwenda mbele, mwenyewe ndiye jenerali. Tuweke "fahari", basi.

Nimesikiliza mara saba. Fahari! Neno moja, herufi za dhahabu. Kazini Wandegeya nachapa mabango kutwa. Okullo atanitambua.

Alhamisi, 6 Juni

R nimeifuta mara tatu.

Jumapili, 9 Juni, saa kumi na nusu

Naandika kwenye benchi la muuza chapati, ng'ambo ya kwa Akram.

Nilifunua yangu. FAHARI. Inang'aa! Okullo akafunua yake — ng'ombe dume mwekundu, pembe juu, pua inafuka moshi. Akram akaruka. "Banange! Fahari mwenyewe!" Kisha akanigeukia: kwani nimesahau yeye anasemaga aje?

Fahali! L yake ni R, R yake ni L. Anasema "langi", anasema "falasi". Miaka kumi nilimsikia hivyo, nikamzoea. Miaka sita tu, masikio yamekuwa mageni. Na huyu wa juzijuzi ndiye anamwelewa.

Wivu, ndiyo. Unaniunguza.

Akram akaenda kuswali, Okullo akatoka kununua soda. Nikabaki na ng'ombe wake. Fahali wawili hawakai zizi moja. Rangi ilikuwa mbichi bado. Nilitaka kugusa tu — uongo. Nilimpitishia kidole gumba usoni, polepole, mpaka pembe zikawa tope. Nikatoka.

Simu. Akram. Eti Okullo anasema kosa ni lake, kaleta bendera mbichi, kaigusa mwenyewe. "Tutabeba yako, jenelari. Sasa uko wapi? Watu wamefika, tunangoja wee."

Kaigusa mwenyewe! Hata kwa hilo kanishinda.

Chapati imepoa. Kidole nimekisugua kwa mate, kwa chai, kwa suruali. Bado chekundu. Okullo ametoka mlangoni kwa Akram. Ananipungia mkono, niende.