Kibali cha Mama Mkwe Kimekwisha, Nami Sijamwambia

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na nakuomba ukishamaliza kucheka unionee huruma kidogo, maana maji yamenifika shingoni na humu ndani hakuna wa kumwambia.

Mimi ni muuguzi kiongozi wa zahanati ndogo, na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, ni muuguzi mstaafu. Kipindupindu kilipolipuka na serikali ikatangaza hali ya dharura, wastaafu waliombwa warudi, wakapewa vibali vya muda vya kufanya kazi chini ya uangalizi wa mtu mwenye leseni kamili, na kwetu mtu huyo nilikuwa mimi, kwa hiyo Mama akaitoa sare yake sandukuni, akaipiga pasi, akaja, na Mshauri, yule mama alitufaa kuliko nilivyotegemea, wagonjwa walilazwa mpaka kwenye mabenchi ya kusubiria, mishipa imenywea haionekani, yeye anapapasa mkono wa mtoto, anatulia, sindano inaingia mara moja na dripu inaanza kushuka.

Kilichonifurahisha zaidi ni adabu yake. Nyumbani yeye ndiye mwenye neno, akisema chumvi imezidi basi imezidi, lakini tukishavuka mlango wa zahanati ananiita Sista, ananiuliza, "Sista, nianzie wapi leo?" nami namjibu nikiangalia sakafu kwa aibu, na wenzangu wanajifanya wanapanga glavu ili wasicheke.

Sasa ugonjwa umekwisha, hali ya dharura imeondolewa rasmi, na taarifa ikaletwa kwangu kwamba vibali vyote vya muda vinakoma mwisho wa mwezi. Wastaafu wa vituo vingine waliagwa kwa soda na picha. Mimi niliisoma, nikaikunja, nikasema nitamwambia jioni, jioni nikamkuta anafua sare huku anaimba, na tangu niolewe sijawahi kumsikia mama yule akiimba, hata kwenye harusi yetu alinyamaza kimya, basi nikasema kesho, na hiyo kesho haijafika mpaka leo, na mwezi wenyewe umeshapita na mwingine umeingia.

Nikaanza kupiga chenga. Nikamtoa kwenye sindano nikampeleka kupima uzito wa watoto, nikawanong'oneza wenzangu wasimwachie dripu, akishika trei ya dawa naichukua, "Mama, pumzika kidogo." Lakini siwezi kuwa kila mahali, na juzi nilitoka stoo nikakuta ameshamchoma mtoto sindano kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na mtoto yuko salama.

Siku hiyohiyo nikamkuta jikoni kwetu, amesimama penye dirisha, amenyoosha mikono yote miwili mbele yake, anaitazama. Akaniuliza, "Mwanangu, niambie ukweli. Mikono yangu inatetemeka?" Nikamwambia hapana, Mama. Akasema, "Basi mbona mnaninyang'anya trei?" Nikajitia kushughulika na sufuria, kisha nikaenda kulia bafuni.

Mume wangu nilipomwomba azungumze na mama yake aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akasema, "Hayo ni ya kazini kwenu. Mimi ni fundi friji."

Na sasa wakaguzi wa baraza la wauguzi wanakuja wiki ijayo kuangalia leseni ya kila mmoja. Nimefikiria kumkatia Mama tiketi akamsalimie dada yake mpaka wapite, halafu nione la kufanya. Je, ni vibaya? Nampenda na kumheshimu, Mshauri, na sitaki niwe mkamwana aliyemvua mama mkwe wake sare. Nisaidie.

Mkamwana Njia Panda

*

Marahaba, Mkamwana. Kucheka nimecheka, tena kwa fundi friji nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipofika kwenye lile dirisha la jikoni nikaacha.

Pole. Kuwa bosi wa mama mkwe si kazi ya kumtakia mtu, na inaonekana mliifanya vizuri nyote wawili wakati watu walipowahitaji. Pole imeishia hapo. Sasa kaa vizuri nikuambie.

Unasema umenyamaza kwa heshima. Sikubali. Umenyamaza kwa sababu uliogopa kumwona akihuzunika, na woga wako ukauvalisha kanga ya heshima. Heshima gani inayomfanya mtu mzima asimame dirishani kuchunguza mikono yake mwenyewe? Mama anaamini amechakaa, kumbe kilichokwisha ni kibali, tena cha kila mstaafu. Wenzake waliagwa kwa soda. Yeye anaagwa kwa kunyang'anywa trei, kidogo kidogo, na mkwewe.

Halafu sheria, ambayo wewe kama kiongozi unaijua kuliko mimi. Kibali kile kilitoka kwa sababu ya dharura, na dharura ilipoondolewa nacho kikaondoka. Kilimlinda Mama akichoma sindano, na kilikulinda wewe uliyemsimamia. Leo hakimlindi yeyote, hata kama mishipa anaiona gizani. Yule mtoto angevimba mkono tu, wa kwanza kuulizwa leseni angekuwa Mama, na angebaki kushangaa, maana jibu umelikunja wewe. Mwanamke amefanya kazi maisha yake yote, amestaafu bila doa, na sasa kila asubuhi anavaa sare iliyopigwa pasi anakwenda kuvunja sheria bila kujua. Hilo limeniuma, sikufichi.

Na tiketi! Unataka kumficha mama wa watu kama gunia la magendo? Wakaguzi wakishapita utamrudisha, aendelee kupima uzito huku unamkodolea macho? Isahau hiyo safari.

Leo hii, kabla hujalala, zungumza naye. Nyumbani, si ofisini, kwa sababu ofisini atakujibu "Sawa, Sista" na kulimeza, na anastahili nafasi ya kukukasirikia. Fundi naye awepo, aache friji za watu, akae karibu na mama yake hata kama hana la kusema. Anza kwa kumwambia mikono yake haina tatizo lolote. Kisha mpe ile taarifa aisome mwenyewe. Usimung'unye maneno, usiseme "wamesema." Sema, "Nilijua, nikakuficha, nisamehe." Akinuna, mwache anune. Akikataa chai yako, kesho yake pika nyingine.

Asirudi zamu. Mwageni kama walivyoagwa wengine, na mzidishe. Akitaka kurudi kazini, njia ipo: aliulize baraza masharti ya kuhuisha leseni yake, asome watakachomwambia asome, nao waamue. Lakini hilo ataamua yeye, maana wewe umeshamwamulia ya kutosha.

Lingine ni lako peke yako. Usiwangoje wakaguzi. Nenda ofisi ya afya ya wilaya kabla hawajaja, uwatajie kila mgonjwa aliyemhudumia tangu kibali kikome, na yule mtoto pia, wazazi wake waambiwe. Utaonywa. Huenda ukasimamishwa kazi kwa muda, nawe utavumilia, kwa sababu kosa ni lako. Ukiwa pale, waambie wazi kwamba Mama hakujua. Ukiwahi kwenda mwenyewe, watakuamini. Lakini wakaguzi wakishayagundua wenyewe, ukisema hakujua utaonekana mkamwana anayemkingia kifua mama mkwe wake, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumtolea ushahidi kwamba hakujua.