Jirani Anayegonga Ukuta Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usitaje mtaa wetu. Majina yote nimeyabadili, kwa sababu mtu ninayemwogopa husoma safu yako gazetini kila Jumapili, na kiti chake cha kusomea na kitanda changu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mimi na mume wangu Sanford tumeishi hapa tangu tulipooana, jengo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lenye dari refu na sakafu ya mwaloni na sebule iliyoshuka ngazi mbili chini kama walivyopenda wajenzi wa enzi zile, na hizo ngazi mbili tulizozisifia kwa wageni wote ndizo zinazotufukuza, maana Sanford ana ugonjwa wa kutetemeka, miguu yake huganda ghafla, na wakati wa theluji alianguka pale akavunjika nyonga, akapona, lakini tangu hapo kila akisimama kwenye ukingo wa sebule mimi huacha kupumua. Binti yetu yuko ng'ambo ya mto, New Jersey, na jirani yake anauza nyumba ndogo isiyo na ngazi hata moja, amekubali kutusubiri mpaka shule zifungwe, baada ya hapo ataiuza kwa mwingine, kwa hiyo tukaiweka fleti sokoni.

Mnunuzi tulimpata upesi, daktari wa meno na mkewe, wakaitwa kwenye usaili wa bodi ya ushirika wetu, maana jengo tunalimiliki wote kwa hisa na hakuna anayenunua bila kupitishwa na bodi, wakavaa kama watu wanaokwenda mazishini, wakajibu walichoulizwa na wao hawakuuliza kitu, kama dalali alivyowafundisha, na bodi ikawakataa. Sababu hawakupewa, na wewe unajua bodi za jiji hili hazilazimiki kutoa sababu. Akaja profesa wa hesabu, mtu mpole, hana hata paka, naye akakataliwa. Mzee Pinkus wa ghorofa ya pili, ambaye ni mjumbe wa bodi, alinikuta kwenye visanduku vya barua akaninong'oneza, "Yule profesa mimi nilimtaka, mama, na si mimi peke yangu. Lakini unamjua mwenyekiti." Nikajifanya natafuta funguo.

Mwenyekiti ni Corinne, jirani yetu wa mlango wa pili. Siku profesa alipokataliwa, Corinne alikuja na keki ya mdalasini ingali moto, akashuka ngazi zetu mbili bila kuangalia chini, akaenda moja kwa moja ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole. "Unasikia, Roz? Ndani ni tupu. Zamani fleti zetu hizi mbili zilikuwa moja, palikuwa na mlango hapa."

Sanford akamjibu, "Basi aliyeuziba alikuwa na akili."

Corinne akacheka, akanipapasa bega. "Mkichoka kuhangaika, shoga yangu, mimi nipo. Bei ya yule daktari sitaifikia, lakini mimi sihitaji usaili."

Tangu siku hiyo namsikia. Anagonga upande wake, anasogea kidogo, anagonga tena, na juzi nilisikia sauti ya mwanamume, fundi, akimwambia, "Hapa hapa panatoboka." Mshauri, nimeanza kunong'ona nyumbani kwangu mwenyewe. Nashuka orofa saba kwa miguu ili nisikutane naye kwenye lifti. Sanford ananitania, ananiambia, "Roz, ukiendelea kunong'ona hivyo nitadhani umemficha bwana kabatini," lakini namwona naye akikodolea macho ule ukuta.

Sasa yupo mnunuzi wa tatu, Yesenia, nesi, mzaliwa wa mtaa huu huu, alikuwa akipita chini ya madirisha yetu akienda shule. Usaili wake ni mwisho wa wiki ijayo na mimi silali. Wakili tuliyemuuliza alisema nikiishtaki bodi, bodi itamlipa wakili wake kwa ada zetu za kila mwezi, kwa hiyo nitamlipa wangu na nitachangia wa kwao, na kila jirani atachangia, na wote watanichukia. Binti yangu anasema muuzieni Corinne mwondoke kabla baba hajaanguka tena. Sanford anasema afadhali aanguke. Kabla ya usaili, Jumatatu, kuna mkutano wa mwaka wa wanahisa, wa kuchagua bodi, lakini sisi hatuendi, hakuna anayekwenda, ni viti vya chuma kule chini karibu na mashine za kufulia. Corinne hupita mlango kwa mlango na karatasi, tunatia sahihi ili atupigie kura, kwa hilo ni mwema, anatuondolea usumbufu. Ya mwaka huu aliileta pamoja na keki. Ipo juu ya friji, sijaisaini bado kwa sababu kila nikishika kalamu nasikia kugongwa ukutani.

Niambie, nimuuzie?

Mwoga wa Ghorofa ya Saba

*

Mama wa ghorofa ya saba,

Kabla ya bodi, kabla ya Corinne, kabla hujamaliza kusoma mstari huu: mtume mtu dukani anunue utepe wa rangi ya njano, ubandike kwenye ukingo wa ngazi zile mbili, kisha umwite fundi afunge reli ya kushikia ukutani. Ndiyo, kwenye ukuta ule ule. Miezi yote hii unaacha kupumua na hukufunga hata kipande cha mbao. Mtu aliyeganda miguu anahitaji alama ya kuvuka na kitu cha kushika, na utepe hauhitaji kibali cha mwenyekiti.

Umefunga? Sasa tuongee. Jibu hili nakutumia wewe kwanza; gazetini litatoka baada ya mkutano, ili Corinne asilisome kabla yako.

Nakuonea huruma, na ninaposema hivyo simaanishi adabu tu. Kuzeeka pembeni ya mtu anayesubiri uchoke ni mateso. Hukuota ile sauti ya kugonga. Una jirani anayeitaka sebule yako, na huyo huyo ameshika mlango ambao kila mnunuzi wako lazima apite. Mwenye tamaa ya nyama amepewa kisu, mizani na ufunguo wa bucha. Kuogopa kwako ni dalili kwamba akili yako inafanya kazi.

Lakini huruma yangu inaishia juu ya friji yako.

Umeniandikia barua ndefu juu ya ukuta, fundi, lifti na keki, kisha mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unanidokeza kwamba kila mwaka wewe na majirani zako mnampa Corinne kura zenu ili msikalie viti vya chuma. Mama, nani alimfanya mwenyekiti? Alishuka kwa kamba kutoka juu ya paa? Mmemchagua ninyi, kwa uvivu, mwaka baada ya mwaka, halafu mnashangaa kwa nini anatembea katika nyumba zenu bila kuangalia ngazi. Bibi zetu katika nchi hii waliburutwa barabarani na askari kwa kudai haki ya kupiga kura. Wewe yako unaitoa kwa kipande cha keki ya mdalasini, na unamshukuru mpokeaji kwa kukuondolea usumbufu.

Hili ni gonjwa la jiji zima, na nimeshachoka kuandika juu yake. Watu wanaosimama kwenye mvua kuandamana dhidi ya madikteta wa mbali hawawezi kushuka na lifti kwenda kumwondoa dikteta wa chumba cha kufulia. Mnajidanganya kwamba mna nyumba. Huna nyumba, mama, una hisa, na hisa ni sauti. Usipoitumia, unabaki mpangaji mwenye dari refu.

Kwa hiyo usisaini. Ichane, au ukiwa na moyo mdogo wa kuchana, fungia maganda ya viazi. Jumatatu utashuka mwenyewe na Sanford, umbebee mto wa kukalia.

Kabla ya Jumatatu utagonga milango. Anza na mzee Pinkus, ambaye alikurushia kamba pale kwenye visanduku vya barua nawe ukaikimbia ukidhani ni nyoka. Mwambie, "Mzee, nilikusikia. Nani mwingine alimtaka profesa?" Kisha nenda ghorofa kwa ghorofa. Usilie mlangoni kwa mtu, na usimtukane Corinne; eleza tu alichogonga, alichosema, na mlichosikia kupitia ukutani, kisha muulize kila jirani swali moja: siku utakapouza wewe, ukuta wako unapakana na nani? Waliokwisha kusaini, kwa kawaida, wanaweza kufuta sahihi zao kwa kuja mkutanoni wenyewe. Wakili wako athibitishe hilo katika kanuni za jengo lenu. Na huyo wakili, badala ya kukutisha na gharama za kesi, aandike barua moja fupi kwa wajumbe wote wa bodi, leo: mjumbe anayetaka kuinunua fleti kwa faida yake hapaswi kumhukumu mnunuzi mwingine. Anasimama pembeni. Wasipomweka pembeni, hapo ndipo mtazungumzia mahakama, na kila mjumbe atajua mapema kwamba jina lake limo.

Unaniuliza umuuzie? Ukimuuzia sasa, atakuwa amejifunza kwamba njia hii inafanya kazi, na ghorofa ya sita itaanza kusikia kugongwa kwa dari. Lakini binti yako si mjinga, na Sanford akisema afadhali aanguke anasema upuuzi wa kiume, mkataze. Nyonga ya pili haitakuwa kama ya kwanza. Basi jiwekee mpaka: Yesenia akikataliwa, nanyi mmefanya yote haya, muuzie Corinne mwondoke, bila aibu. Sikuahidi ushindi. Inawezekana Jumatatu utafika pale chini ukute mzee Pinkus peke yake na mashine zikizunguka. Nami ningekuwa wewe ningeogopa vilevile. Ningeshuka nikiogopa.

Ila ushuke kwa lifti. Ukimkuta Corinne ndani yake, ingia, mpe habari ya asubuhi, mrudishie sahani yake ya keki, na akikuuliza ile karatasi iko wapi, mjibu kwa sauti yako ya kawaida, ile uliyokuwa nayo kabla hujaanza kunong'ona: "Mwaka huu nakuja mwenyewe."