Kongosho, Siyo Kongo

Dar es Salaam

Dada Tabitha, shikamoo.

Kwa heshima zote na mbele ya ukoo mzima, natangaza kwamba mkanda wa ngozi ulioninunulia hapo Mlowo umestaafu rasmi. Nimeutoboa matundu hadi hakuna tena pa kutoboa. Fundi maturubai wa Tunduma, niliyezoea kufunga mizigo ya malori ya watu, sasa najifunga mwenyewe kwa kamba ya turubai.

Magoti yako yanasemaje? Na mahindi, yameanza kuingia au bado unagombana na madalali?

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza. Nimesikia mdogo wetu Yona alisimama kanisani akaomba nikumbukwe, eti nina "ugonjwa wa Kongo". Basi mama wa chapati, jirani wa banda langu, kanipigia: "Baba Neema, kumbe ulivuka mpaka kimyakimya ukaokota Ebola? Banda lako tumelimwagia dawa!" Nikamwambia Kongo mimi naijua kwa matope ya matairi tu. Tukacheka. Simu ilipokatika ndipo nikaelewa kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyepanda basi kuja kuniona. Siwalaumu. Hata mimi ningekaa mbali na mimi.

Sasa soma polepole, halafu umsomee na Yona. Ni kongosho. Kiungo hicho kipo nyuma ya tumbo, kila mtu anacho, hata wewe unayejidai mzima. Langu lina saratani, tena ya aina ya nadra. Daktari anasema wanaoipata ni wachache. Mimi ambaye sijawahi kushinda hata kuku wa bahati nasibu ya kanisa! Haiambukizi, dada. Tukila sahani moja utakachopata ni kitambi, maana chakula chote kitakuwa chako. Mimi hakipiti.

Watanipasua. Daktari hakunificha: wanaweza kufungua wakakuta haitoleki. Anataka ndugu awepo, asikilize pamoja nami, na aniuguze baadaye. Wenzangu wodini wana watu wao. Jana muuguzi aliuliza, "Baba, ndugu zako wako wapi?" Nikajibu wamekwama kwenye foleni ya malori mpakani. Akaniamini, akanipa pole.

Nakuomba wewe. Njoo, dada.

Msalimie shemeji, mwambie asijifanye hajui kupika ukiondoka. Shangazi wa Ikinga mpelekee salamu na chumvi. Mwanangu Neema, kwa kuwa yuko hapo kwako, mbusu, ila habari za mkanda msimwambie.

Na Yona asifokewe. Waliouliza niliwaambia kuwa siku nilipompigia, mtandao ulikatakata. Haukukatika. Nilitoka kwa daktari nikampigia, nikaanza, "Mdogo wangu, nina ugonjwa wa kongo…" nikaishia hapo. Akauliza, "Kongo? Kaka, Kongo umefika lini?" Nilimsikia vizuri kabisa, na honi za malori nyuma yake nilizisikia. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo tu cha neno, nikashindwa kukitoa. Nikazima simu, nikakaa kwenye benchi la nje, nikalia mbele za watu, mkono mmoja umeshika suruali isidondoke.

Mdogo wako,
Eliya